Kipima kina hakipimi kina

Chukua wazamiaji watatu walioshuka kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma, wakasimama bega kwa bega mbele ya jiwe moja. Kompyuta ya kuzamia iliyo mkononi mwa wa kwanza inasema mita 20.0, ya wa pili 19.6, ya wa tatu 19.4. Utepe wa kupimia uliofungwa kwenye boya juu na kuning'inia hadi kwenye jiwe hilo unasema 20.1. Hakuna kompyuta mbovu hapo. Zote tatu zimehisi kitu kimoja, yaani maji yanayokandamiza kwa baa 1.96 zaidi ya hewa iliyo juu ya ziwa (baa moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya usawa wa bahari). Zimepishana kwenye hesabu ya kugeuza baa kuwa mita.

Hilo ndilo la kushika kabla ya mengine yote. Chombo kinachovaliwa mkononi kinapima mgandamizo. Mita zinazoonekana kwenye kioo ni tafsiri yake, na kila mtengenezaji ana kamusi yake.

Baa inavyogeuzwa kuwa mita

Ndani ya kompyuta ya kuzamia kuna kihisi kidogo cha silikoni kilichofunikwa kwa utando au jeli laini. Maji yakikandamiza, kihisi hujipinda kiasi kisichoonekana kwa macho, na umeme unaopita ndani yake hubadilika. Kompyuta hupata mgandamizo mzima, wa hewa na maji kwa pamoja. Hutoa mgandamizo wa hewa iliokariri ilipokuwa juu, kisha hugawanya kilichobaki kwa uzani wa mita moja ya maji. Kigawanyo hicho hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili: kilo zilizomo katika mita moja ya ujazo ya maji, na nguvu ya mvutano wa dunia.

Kwa kawaida utakuta mipangilio mitatu. Ule wa maji baridi hutumia kilo 1000 kwa mita ya ujazo. (Maji baridi hapa ni yasiyo na chumvi, hata yakiwa ya vuguvugu.) Ule wa maji ya chumvi hutumia 1025 au 1030, kutegemea mtengenezaji. Katikati uko ule wa EN 13319, kiwango cha Ulaya cha vyombo vya kupimia kina, ambao umerahisisha mambo: baa moja ni mita 10, basi. Hiyo ni sawa na maji ya kilo 1020 hivi, maji ambayo si ya mto wala ya bahari. Kompyuta nyingi za bei nafuu zina mpangilio mmoja tu usiobadilishika, na mwongozo wake huutaja kwenye kurasa za mwisho ambazo watu huwa hawafiki.

Sasa tuangalie maji yenyewe. Bahari ya pwani yetu, ikiwa na joto la nyuzi 28 na chumvi ya gramu 35 kwa kilo, ina kilo 1022 kwa mita ya ujazo. Maji ya Tanganyika yenye nyuzi 26 yana kilo 997 hivi, maana joto huyapunguzia maji uzito na chumvi ya ziwa hilo ni chache mno kuweza kufidia. Tena sisi tuko karibu na ikweta, ambako mvutano wa dunia ni 9.78, si 9.81 ya vitabu vya shule. Tofauti hiyo ni ya asilimia 0.3. Ni ndogo, lakini hapa inaangukia upande mmoja na joto, kwa hiyo zinajumlishana.

Ukipiga hesabu zote hizo pamoja, unapata namba za kuzidishia. Kwa Tanganyika, kompyuta iliyowekwa maji baridi izidishie 1.006, ya EN 13319 izidishie 1.026, ya chumvi 1025 izidishie 1.031 na ya chumvi 1030 izidishie 1.036. Namba hizohizo zinafaa kwa Ziwa Nyasa pia, kwa tofauti ya sentimita chache. Kwa bahari ya Mafia, Pemba au Watamu, kompyuta ya maji baridi izidishie 0.981, ya chumvi 1025 izidishie 1.005 na ya chumvi 1030 izidishie 1.01.

Ya EN 13319 baharini kwetu usiizidishie chochote. Kilo 1022 mara 9.78 inatoka paskali 10,000 hivi, yaani baa 0.1, kwa kila mita, karibu sawa kabisa na kile kiwango cha Ulaya. Ni sadfa tu, hakuna aliyeipanga, lakini maana yake ni kwamba mzamiaji wa Chole au Mnemba anayetaka mita za kweli aweke EN 13319 na auache ule mpangilio wenye jina la bahari. Akienda Bahari ya Shamu, ambako chumvi hufika gramu 40 kwa kilo, mambo hugeuka kidogo: mita 20.0 za EN ni 19.9 za utepe.

Mwili hausomi mita

Swali linalofuata huwa ni lilelile: je, nikisahau kubadilisha mpangilio nitaumia? Kwa kompyuta, hapana. Naitrojeni inaingia mwilini kwa kufuata mgandamizo, na kompyuta nyingi hufanya hesabu zake za kupunguza mgandamizo kwa baa moja kwa moja kutoka kwenye kihisi. Mpangilio wa chumvi au baridi hubadilisha kinachoandikwa kwenye kioo tu. Wale wazamiaji watatu wa Kigoma wana deni moja la naitrojeni, japo mita zao zinapishana.

Hali ni hiyohiyo kwa gesi iliyoongezwa oksijeni. Mchanganyiko wa asilimia 32 wenye mpaka wa baa 1.4 za oksijeni unafika ukomo pale mgandamizo mzima unapokuwa baa 4.375. Baharini hapo ni mita 33.6. Tanganyika, ambako hewa ya juu ni nyepesi na maji nayo ni mepesi, hapo ni mita 35.4 za utepe. Mpaka haukusogea hata kidogo, ni mita tu zilizoongezeka ili kufikia baa zilezile. Anayetumia 33 kotekote yuko salama. Aliyezoea ziwani akabeba 35 yake kwenda baharini ndiye mwenye kesi.

Geji ya mshale ikipanda mlimani

Taabu hasa iko kwenye geji za mshale na majedwali ya karatasi, yale yanayoonyesha mzamiaji akae muda gani kwenye kina gani. Vyombo hivi bado viko kwenye visanduku vya vituo vingi, kama akiba au kwa sababu havihitaji betri, na mtu akivichukua vilivyo kutoka baharini akaenda navyo ziwani, vitamdanganya kwa namna mbili zinazopingana.

Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake hukandamiza kwa baa 0.924 hivi badala ya 1.013. Ziwa Nyasa, kwenye mita 474, lina 0.96, na Ziwa Kivu, kwenye mita 1460, lina 0.85.

Geji ya kawaida ya mshale ina mrija wa shaba uliokunjwa kama ndoano, ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon aliousajili mwaka 1849. Mrija umezamishwa katika mafuta ndani ya kasha lililofungwa, mgandamizo ukizidi unabadilika umbo, na gia ndogo inausukuma mshale. Sifuri ya geji hii iliwekwa kiwandani kwa hewa ya usawa wa bahari. Ukiipeleka Kigoma, mshale unataka kwenda chini ya sifuri lakini umezuiwa na kipini. Ukizama, haujongei mpaka ufidie ile baa 0.089 inayopungua, na hiyo ni karibu mita moja nzima ya maji. Baada ya hapo unahesabu mita za chumvi katika maji baridi, na kosa linaongezeka kila unaposhuka.

Ukiwa kwenye mita 20 za kweli, geji hiyo inasoma kati ya 18.4 na 18.6. Inakuambia uko juu kuliko ulipo, na ni hapo ilipo hatari, kwa sababu anayetumia jedwali ataingia kwenye safu ya mita chache kuliko anazostahili. Baadhi ya geji zina skrubu au pete ya kurekebisha sifuri, nayo irekebishwe ufukweni, kivulini, mshale ukiwa umetulia. Isiyo na skrubu usiipindishe mshale kwa mkono. Pima kosa lake na uliandike kwa wino usiofutika mgongoni mwa geji.

Aina ya pili ni ya kale na rahisi kuliko zote: mrija wa plastiki ulioziba upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili, umezungushwa kwenye sahani yenye namba. Maji huingia kwa mdomo uliowazi na kuisonga hewa iliyomo. Pale maji yanapokutana na hewa ndipo unaposoma. Baharini, kwenye mita 10, hewa imebaki nusu ya mrija. Kwenye 30 imebaki robo. Kwenye 40 imebaki sehemu moja ya tano. Kama mrija una sentimita 30, mita 10 za kwanza zinachukua sentimita 15, na kutoka 30 hadi 40 unabakiwa na sentimita moja na nusu. Kwa hiyo ni chombo kizuri sana kwenye kina kisichozidi mita 15 na cha kubahatisha kina kikizidi 25. Tone la maji lililobaki ndani tangu jana, au kiputo kilichonasa katikati, kinaharibu kila kitu. Mrija utikiswe, upulizwe, ukauke.

Ila mrija huu una siri yake. Ukiwa mita 20 za kweli Tanganyika, utasoma mita 21 na ushee, zaidi ya utepe, kinyume kabisa na geji ya mafuta. Sababu ni kwamba hewa iliyofungiwa ni ileile nyepesi ya ziwani, na mgandamizo pale chini umezidi ule wa juu mara 3.11. Baharini ungelazimika kushuka mita 21.3 hivi ili kupata uwiano huo. Na majedwali ya kuzamia yaliyotengenezwa kwa bahari yanauliza uwiano huohuo. Anayezama ziwani kwa jedwali hutakiwa kukokotoa kina cha bahari kinacholingana: mita za kweli, mara mgandamizo wa baharini, gawanya kwa mgandamizo wa ziwani, kisha mara 0.97 kwa sababu maji hayana chumvi. Kwa mita 20, hesabu inatoa 21.3. Mrija wa plastiki wa bei ya chakula cha mchana umeshakufanyia hesabu hiyo bila kuombwa.

Na kituo cha kusubiri, yaani kina ambacho mzamiaji anayepanda husimama kidogo ili naitrojeni imtoke, hupungua vilevile. Kituo cha mita 5 cha jedwali, ukiwa Tanganyika, ni mita 4.7 za utepe.

Makosa yanayozidi chumvi

Watu hubishana kuhusu asilimia tatu za chumvi huku chombo kinaning'inia kwenye bomba mita moja chini ya tumbo. Mkono ukiinuliwa juu ya kichwa na ukishushwa hadi pajani, usomaji hubadilika kwa mita moja na zaidi, na kompyuta inasema kweli mara zote mbili. Ukitaka kina cha kitu, weka kihisi kwenye kitu chenyewe. Ukitaka kina chako, wekeni kanuni moja kwa timu nzima, kwa mfano usawa wa kifua.

Sifuri ni jambo la pili. Kompyuta inapozimwa huamka kila baada ya muda kupima hewa, na ikiguswa na maji hujiwasha yenyewe. Lakini viguso vyake vikiwa na ukungu wa chumvi huweza kuchelewa, nayo ikaamka ukiwa tayari chini. Baadhi zikiona mgandamizo wa kuamkia ni mkubwa mno hudhani ziko usawa wa bahari na kutumia 1013. Ziwani hiyo inakupunguzia karibu mita 0.9 kwenye kioo. Dawa ni kuiwasha kwa mkono mashuani, usubiri ikamilishe kujikagua, na uhakikishe inaonyesha sifuri. Zingatia kwamba nyingi huonyesha sifuri mpaka zipite mita moja hivi, kwa hiyo sifuri kwenye maji ya magoti haithibitishi chochote.

Kisha uchafu. Vitundu vya kihisi huziba kwa chumvi iliyoganda baharini na kwa tope laini ziwani. Dalili yake ni usomaji unaochelewa: unashuka, namba inakaa, halafu inaruka. Loweka chombo usiku kucha kwenye maji safi ya uvuguvugu. Usichokonoe kwa sindano wala kupuliza kwa hewa ya mtungi, utatoboa utando.

Joto nalo lina mchango. Kompyuta iliyoachwa kwenye jua juu ya sitaha ikatupwa kwenye maji ya nyuzi 26 inahitaji dakika kadhaa kutulia. Mawimbi yanayumbisha usomaji kwenye mita chache za juu, kwa hiyo soma kubwa na ndogo wakati wa mawimbi matano au sita na uchukue katikati. Mabadiliko ya hali ya hewa kwa siku moja ni sentimita chache tu, yaache.

Hata ukifanya yote hayo, angalia ahadi ya mtengenezaji. Ikisema kosa ni asilimia 1 ya kipimo chote, na kipimo chote ni mita 80, basi ina ruhusa ya kukosea sentimita 80 popote pale, hata kwenye mita 5. Desimali iliyo kwenye kioo isikufanye uamini kwamba inajua sentimita 10.

Kuipima kompyuta kwa bildi

Mabaharia wa pwani walipima kina kwa bildi, yaani risasi iliyofungwa kwenye kamba, wakihesabu kwa pima. Njia hiyo ndiyo hakimu mpaka leo, kwa sharti kamba iwe nzuri. Nailoni inavutika ikilowa na ikibeba uzito, kwa hiyo tumia utepe wa wapima ardhi wa nyuzi za glasi, au kamba ya poliesta uliyoivuta kwa siku nzima ukiwa umeining'iniza uzito uleule. Weka alama ikiwa imelowa na imebeba uzito huo.

Funga kilo 4 au 5 za risasi chini na boya imara juu, na sifuri ya utepe iwe kwenye uso wa maji, isiwe kwenye kitanzi cha boya. Chagua siku shwari, na baharini chagua maji mafu, maji yakiwa yamesimama. Mkondo ukilaza kamba kwa nyuzi 10, mita 20 za kamba ni 19.7 za kina. Ikilala nyuzi 15 ni 19.3, na hapo kosa la kamba limeshakaribia lile la chumvi ulilokuja kulipima.

Shuka na kompyuta zote kwenye mfuko wa wavu, ushike vihisi sawasawa na alama ya 5, 10, 15 na 20. Kila alama subiri dakika mbili kabla ya kuandika. Soma tena ukipanda. Ukigawanya utepe kwa usomaji na kupata namba ileile kila kina, tofauti ni ya uzito wa maji, na unaweza kuizidishia. Ukipata pengo lisilobadilika, tuseme sentimita 40 kotekote, hiyo ni sifuri. Kama ukipanda inasoma tofauti na ulipokuwa unashuka, kihisi kimeziba au kimechoka.

Kipima kina cha sauti cha mashua kisitumiwe kusuluhisha. Vingi huchukua sauti kuwa mita 1500 kwa sekunde. Ziwani kwenye nyuzi 26 hiyo ni sahihi. Baharini kwenye nyuzi 28 sauti hukimbia 1541 hivi, na mita 20 husomeka 19.5. Zaidi ya hapo, sauti hutawanyika kama mwanga wa tochi, na kwenye mteremko hurudishwa kwanza na jiwe lililo karibu, si lile lililo chini yako.

Maji kujaa na kupwa

Ziwani, ukishapata mita za kweli, kazi ya siku hiyo imekwisha. Baharini bado, kwa sababu uso wenyewe unapanda na kushuka. Tumbawe lililosomeka mita 14.8 leo asubuhi litasomeka zaidi ya 16 alasiri bila kusogea. Ramani za bahari huhesabu kina kuanzia maji ya chini kabisa, kwa hiyo anayetaka kulinganisha vipimo vya miezi tofauti ni lazima atoe kimo cha maji cha saa ile.

Tuseme ni bamvua Unguja, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, jedwali linaonyesha maji kupwa mita 0.4 na kujaa mita 4.0. Tofauti ni 3.6. Igawe kwa 12, upate 0.3. Katika saa sita za kujaa, maji hupanda sehemu 1, 2, 3, 3, 2, 1. Umepima saa mbili baada ya kupwa, basi yamepanda sehemu tatu, yaani 0.9, na kimo ni 1.3. Mita 14.8 zako ni 13.5 za ramani. Ungepima saa mbili baadaye ungetoa 3.1.

Kwa hiyo saa ni sehemu ya kipimo, iandikwe pamoja na mita, mpangilio wa kompyuta na mahali kihisi kiliposhikwa. Na hapa kuna mtego wetu wenyewe. Kompyuta inaandika 10:00, mzamiaji anaandika saa 4 asubuhi kwenye kibao, na wiki mbili baadaye anayejaza jedwali ofisini anaingiza 04:00. Saa ya Kiswahili na saa ya kompyuta zinapishana kwa saa sita, na maji kutoka kupwa hadi kujaa yanachukua saa sita na dakika chache. Kwa bamvua ya Unguja, saa 4 asubuhi huwa karibu na maji kupwa kabisa, na 04:00 alfajiri huwa karibu na kujaa kabisa. Kosa linalopatikana ni mita 3.6 nzima, na kwenye jedwali halionekani, maana kila namba peke yake inaonekana ya kawaida.